Nafasi ya Mia Mbili na Kumi

Mtu huyu ukimwona leo utadhani amemeza kitu hakijashuka. Anatembea akitazama viatu vyake, salamu anaitikia nusu, na ukimuuliza habari za nyumbani anakumbuka ghafla kwamba ana mahali pa kwenda. Zamani hakuwa hivyo hata kidogo. Alikuwa karani bwana, shati limenyooka, kalamu mbili mfukoni, na akianza kupiga chapa wenzake walikuwa wanaacha kuongea ili wamsikilize. Nitawaeleza kilichompata, ila msinikatize, maana kuna mahali mtacheka halafu mtajionea haya kwa kucheka, kama nilivyojionea mimi.

Kazi yake ilikuwa katika ile ofisi iliyoundwa ili taifa lisalie vita vya nyuklia vikitokea. Msiniulize vita vya nani na nani. Kulikuwa na mataifa mawili makubwa huko mbali yaliyokuwa yakitishiana mabomu. Sisi hatukuwa na bomu, hatukuwa na ndege ya kulibeba, na sidhani kama kwa hao wenye mabomu kulikuwa na mtu anayejua tunakaa upande gani wa ramani. Lakini wakubwa wa jeshi letu walikaa kikao, wakasema haiwezekani wenzetu wajiandae kufa kisasa sisi tubaki nyuma. Likachimbwa handaki chini ya kilima, nyuma ya kambi, lenye mlango wa chuma na vitanda mia mbili na kumi. Wengine wote, yaani nchi nzima, walipewa kijikaratasi kinachowashauri walale kifudifudi na wasitazame mwanga.

Sasa hao watu mia mbili na kumi ni nani? Hapo ndipo karani wetu alipopata kazi. Yeye ndiye aliyekuwa akiiandika orodha, kwa taipureta, nakala tano kwa karatasi za kaboni, na kila miezi mitatu akiiandika upya yote, maana wakubwa wanapanda vyeo, wanakufa, wanaacha wake na kuoa wengine, na kila badiliko lilitaka saini mpya. Walimwita Karani wa Orodha, na jina likamganda.

Mwanzoni orodha ilikuwa na akili. Ilikuwa na madaktari sita, mafundi bomba watatu, wakulima, wakunga wawili, mtunza stoo mwenye funguo. Lakini jenerali mmoja akauliza, je, siku tutakapotoka nje, wimbo wa taifa utapigwa na nani? Kikao kikaona kweli, ni aibu taifa kufufuka bila muziki. Ikaingizwa bendi ya jeshi, watu thelathini na wawili. Ili wapate nafasi, wakatolewa wakulima wote, wakunga, mafundi bomba, mtunza stoo, na madaktari watano. Aliyebaki alikuwa daktari wa meno, shemeji wa mpiga ngoma kubwa. Karani aliyapiga chapa hayo yote bila kupepesa macho. Kazi yake haikuwa kufikiri, alikuwa akisema, kazi yake ilikuwa kutokosea herufi.

Yeye mwenyewe alikuwa nafasi ya mia mbili na tisa. Na kwa kuwa kila mtumishi aliruhusiwa mwenza mmoja, nafasi ya mia mbili na kumi, ya mwisho kabisa, ilikuwa ya mkewe.

Mkewe alikuwa mpiga pasi wa hospitali. Kutwa anasimama kwenye chumba chenye mvuke, anapiga pasi mashuka ya wagonjwa, mia na zaidi kwa siku, na jioni anarudi nyumbani anapiga pasi shati la mumewe. Mama wa maneno machache ila mcheshi, na mkono wake ulikuwa na alama za pasi tangu kiwiko hadi kidole. Siku karani alipomletea habari kwamba yumo kwenye orodha, aliketi kitandani akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mimi?" alisema. "Mimi na majenerali? Jamani, nitavaa nini?"

Basi akafunga begi dogo. Akatia magauni mawili, sabuni, dawa zake za presha, picha ya binti yao aliyeolewa mji mwingine, na kanga mpya ambayo haijavaliwa hata siku moja. Akaliweka chini ya kitanda. Kazini akawaambia wenzake, na wenzake wakamtania wee mpaka wakampa jina. "Mia Mbili na Kumi, hebu nipasie hilo shuka." "Mia Mbili na Kumi, ukitoka huko utukumbuke, utuchimbie kaburi zuri." Naye anajibu, "Nitawachimbia la pamoja, maana mmenizoea mno." Alilipenda jina hilo. Mwanamke amepiga pasi mashuka ya watu miaka ishirini, hakuna aliyewahi kumhesabu popote, leo ana namba yake.

Yote yangebaki hivyo kama si kichwa cha kanali.

Kanali ndiye aliyekuwa mkuu wa handaki. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, na nywele zake alizipenda kuliko nishani zake. Alasiri moja alikuja mwenyewe mpaka kwenye meza ya karani, akavuta kiti, akaketi. Hapo tu karani alishapoteza nusu ya akili, maana katika miaka yake yote pale hakuna afisa aliyewahi kuketi karibu naye.

"Ndugu yangu," kanali alisema, "nina tatizo, na sitaki kumwambia mtu mwingine."

"Nakusikiliza, afande."

"Kinyozi wangu hayumo kwenye orodha. Sasa fikiria mwenyewe. Tumekaa chini miezi sita, tumetoka, mimi ndiye nitakayehutubia taifa. Nihutubie na kichwa kama kichaka?"

"Haitapendeza, afande."

"Wala siamuru. Mimi siamuru kitu hapa. Nakueleza tu kama ndugu. Na nasikia nafasi ya mkuu wa makarani iko wazi, sijui wewe unaonaje."

Sikilizeni vizuri hapa. Kanali hakutaja nafasi ya mtu yeyote. Angekuwa karani wa kawaida mwenye kujipendekeza kwa kiasi, angetafuta mpiga tarumbeta mmoja wa kumtoa, au angesema afande nipe siku mbili. Lakini mdomo wake ulishatangulia.

"Nafasi ya mke wangu ipo, afande."

Kanali alimpiga bega, akasimama, akaondoka. Karani akabaki anaitazama ile karatasi. Alijiambia kwamba vita vyenyewe haviji ng'o, kwamba ni karatasi tu, kwamba miezi mitatu ijayo atamrudisha. Akapiga chapa: 210, Kinyozi wa Kanali. Wiki iliyofuata akawa mkuu wa makarani, akapewa mlango wenye cheo chake na kiti kinachozunguka. Mkewe alimpikia siku hiyo, akamwita mkubwa wangu, akamwambia akizunguka sana kwenye hicho kiti atapata kizunguzungu.

Miezi mitatu ikapita, na hakumrudisha. Sita ikapita. Ikapita miaka minane. Kila alipoandika orodha upya aliupiga mstari wa mwisho haraka haraka, uso kaupeleka dirishani, na ajabu ni kwamba hakukosea herufi hata mara moja. Nyumbani mkewe akifagia chini ya kitanda alikuwa akilitoa begi, analipangusa vumbi, anabadilisha dawa zilizopitwa na wakati.

"Baba, namba yangu bado ile ile?"

"Ile ile, mama."

Anasema hivyo huku anavua viatu, au anatafuta kitu kisichopotea. Uongo wa miaka minane, na ulikuwa wa maneno mawili tu.

Kisha wakubwa wakaamua kufanya zoezi. Walikuja wageni wa heshima kutoka nje, na ikaonekana lazima waonyeshwe namna taifa linavyosalia. Siku ikapangwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Kanali akatoa amri mbili, na zote mbili karani ndiye aliyezipiga chapa. Amri ya kwanza: neno zoezi lisionekane kwenye karatasi yoyote, maana adui hatakuja na karatasi iliyoandikwa zoezi, na askari lazima wazoee ukweli. Amri ya pili: raia wataruhusiwa kusimama nyuma ya kamba nje ya geti, na mlango ukishafungwa, kila aliye nje atavishwa shingoni kadi nyekundu yenye namba na neno MAREHEMU, na jina lake litaandikwa, ili hesabu ya waliokufa ipatikane kitaalamu. Kadi isivuliwe mpaka ofisi iichukue.

Karani alipomaliza kuziandika akaitoa orodha kabatini. Kurekebisha orodha asingeweza, ilishasainiwa na majenerali watatu na kugongwa muhuri. Akajaribu upande wa nyumbani.

"Mama, Jumamosi si uko kazini?"

"Nimebadilishana zamu."

"Si lazima kwenda, lakini. Ni kusimama juani tu, na wewe na presha yako."

Mkewe alimtazama kama anayemtazama mtoto anayeficha kijiko. "Miaka minane nimelipangusa lile begi. Leo wanaita namba, ndiyo nibaki nyumbani? Wenzangu wote wanakuja kuniangalia. Chumba kizima cha pasi."

Asubuhi ya Jumamosi, mezani, karani alifungua mdomo mara tatu. Mara ya kwanza akaomba sukari. Mara ya pili akasema leo kuna upepo. Mara ya tatu mkewe akamwahi, akamuuliza kama gauni limemkaa sawa mgongoni, naye akasema limekaa sawa. Ile kanga mpya mkewe alikuwa ameitoa begini, ameipiga pasi, ameikunja kwa ustadi wake akairudisha. Wakatoka pamoja, karani kambebea begi. Ndiyo, alimbebea begi.

Getini watu walijaa. Wageni walikuwa chini ya turubai, majenerali wamevaa nguo za vita zilizopigwa pasi, bendi imejipanga. Wapiga pasi wa hospitali walikuwa mbele kabisa nyuma ya kamba, wanapunga mikono, wanaita Mia Mbili na Kumi, Mia Mbili na Kumi. King'ora kikalia, kikakwama, kikapigwa teke na fundi, kikalia tena. Sajenti akapanda juu ya sanduku na kipaza sauti akaanza kuita namba na cheo. Bendi ikaingia kwanza na ngoma zake, ngoma kubwa ikakataa kupita mlangoni, ikachukua dakika kumi na mbili. Mmoja wa wageni alitazama saa yake, akamnong'oneza mwenzake kwamba kombora lingekuwa limeshafika.

Karani alisimama karibu na mkewe akiomba Mungu jambo lolote litokee, ikibidi hata hivyo vita vyenyewe vije.

"Mia mbili na tisa! Mkuu wa Makarani!"

Akapiga hatua mbili mbele. Mkewe akachukua begi mkononi mwake, akarekebisha gauni, naye akapiga hatua.

"Mia mbili na kumi! Kinyozi wa Kanali!"

Akatokea mtu mnene mwenye suti, kabeba kijisanduku cha vifaa vyake, anatabasamu, akapita moja kwa moja hadi ndani. Mkewe karani alicheka. Alidhani sajenti kachanganya karatasi.

"Hapana, baba," alimwambia sajenti kwa upole. "Hebu soma tena hapo. Mia mbili na kumi ni mimi."

Sajenti akasoma tena. Kinyozi wa Kanali.

"Basi wamekosea kuandika. Muulize mume wangu huyo hapo, yeye ndiye anayeiandika, anaijua kwa moyo."

Geti lote likamgeukia. Kanali alikuwa ameshafika mlangoni, akageuka pia, mkono kaupitisha kwenye nywele. Wapiga pasi wakashusha mikono yao. Sajenti akashusha kipaza sauti, akauliza kwa heshima, "Mkuu, orodha iko sawa?"

Ilikuwa nafasi yake. Angeweza kusema haiko sawa. Angeweza kusema mke wangu aingie, mimi nitabaki, maana lilikuwa handaki la maigizo na bomu lenyewe halikuwepo, na kwa kusema hivyo asingepoteza chochote zaidi ya kiti kinachozunguka. Huo ndio uchungu wenyewe, jamani, kwamba hakuwa anaokoa hata roho yake.

"Iko sawa," alisema.

Na kwa sababu miguu yake ilikuwa imezoea amri, ikaingia ndani. Alimsikia mkewe nyuma yake akisema "Ahaa," polepole, kama mtu aliyeelezwa jambo refu akalielewa. Kisha mlango wa chuma ukafungwa.

Zoezi lilikuwa la saa moja, wakakaa humo kwa muda wa saa saba. Mlango ulikuwa unafunguliwa kwa ufunguo ulioko nje, na ufunguo ulikuwa kwa mtunza stoo, na mtunza stoo alikuwa ameshatolewa kwenye orodha, kwa hiyo alivishwa kadi kama marehemu wengine, akaambiwa aketi kwenye majani. Aliposikia wanagonga alimwambia askari wa nje kwamba yeye ufunguo anao, lakini amri ilisema marehemu wasishirikishwe. Mzee akaketi na ufunguo wake, mpaka jioni askari alipochoka kusikia kugonga akauchukua. Huko ndani kulikuwa na makopo elfu nne ya chakula na hakuna cha kuyafungulia. Jenerali mmoja alijaribu kwa upanga wa gwaride akajikata, akapelekwa kwa daktari wa meno. Choo kikaziba saa ya pili, na hakuna aliyejua bomba linaanzia wapi. Bendi ilipiga nyimbo za kutia moyo mpaka ikaombwa iache.

Karani aliketi kwenye kitanda cha mia mbili na tisa, mikono magotini. Kwenye kitanda cha jirani alikuwa yule kinyozi, mtu wa watu, hana hili wala lile, hakujua kapewa nafasi ya nani.

"Shemeji hakuja?" kinyozi aliuliza.

"Ana kazi," karani alisema.

"Basi kaa hapa nikuweke sawa, mkuu. Kazi ya bure hii, ya vita. Hizi nywele za nyuma ya shingo zimezidi."

Karani hakuwa na nguvu ya kukataa. Akakaa. Kinyozi alimnyoa vizuri sana, akamchonga pembeni, akamfuta shingo kwa kitambaa cha maji, akampulizia manukato. Alipomaliza alimshikia kioo kidogo, na karani akajitazama akaona amependeza, na hapo ndipo aibu ilipompanda toka tumboni hadi kwenye masikio. Alitamani handaki limwangukie.

Walipotoka jioni, bendi ilipiga wimbo wa taifa na kanali alilihutubia taifa. Taifa lilikuwa mtunza stoo na mfagiaji, wengine walikuwa wamekwenda zao na kadi zao.

Nyumbani karani alimkuta mkewe anapiga pasi. Begi lilikuwa juu ya meza, limefunguliwa, vitu vyote vimetolewa. Shingoni alikuwa na ile kadi nyekundu, namba kumi na saba. Alimtazama mumewe kichwani.

"Umependeza," alisema.

"Mama, nisikilize…"

"Shati lako lile pale. Nimemaliza."

Hakumtukana. Karani angeshukuru tusi, lingempa pa kushika. Mkewe alihamia chumba cha binti yao, akaenda kazini kama kawaida, akarudi kama kawaida, na kadi hakuivua, kwa sababu amri ilisema isivuliwe mpaka ofisi iichukue. Ukimuuliza chakula kiko wapi alikuwa anajibu kwa adabu, "Marehemu hapiki, baba. Jikoni unakujua."

Jumatatu karani aliandika ripoti. Waliosalia: mia mbili na kumi. Waliofariki: mia tatu na arobaini na sita, majina kama yanavyofuata. Neno zoezi halikuandikwa, maana amri ilikuwa amri. Nakala tano, na ya tano, kama desturi ya ofisi, ilikwenda kwa msajili wa vizazi na vifo. Msajili alikuwa mtu mwaminifu kwa kazi yake kama karani mwenyewe. Aliona karatasi ya jeshi, ina muhuri, ina saini za majenerali, inasema watu wamekufa. Akawafuta wote.

Wiki mbili hazikuisha, mambo yakaanza. Mlinzi mmoja aliachishwa kazi kwa kufa bila taarifa. Mama mmoja alikataliwa sindano ya mtoto kwa kuwa mtoto ni yatima na aliyemleta hatambuliki. Mchumba wa mtu alifika kufunga ndoa akaambiwa bwana harusi ni marehemu, na bwana harusi yuko pale pale anapiga kelele. Mkewe karani alikuta jina lake limeondolewa kwenye zamu, na msimamizi, mama mzima anayemjua miaka ishirini, alimpa mkono wa pole kisha akamwambia haruhusiwi kumkabidhi pasi mtu ambaye hayupo. Na karani alipokea barua mezani pake, imesainiwa na kanali, ikimpa rambirambi kwa kufiwa na mke na likizo ya msiba ya siku saba. Sitawadanganya, aliisoma mara mbili kuangalia kama kuna makosa ya chapa, na hayakuwepo.

Wakubwa walikaa kikao tena. Kusema kwamba lilikuwa zoezi isingewezekana, kwa sababu hakuna karatasi iliyosema hivyo. Ikaamuliwa marehemu wote waje ofisini kurejeshwa hai, mmoja mmoja, dirishani kwa mkuu wa makarani. Fomu ya kumrejesha mtu hai haikuwepo nchini, kwa hiyo ikatumika fomu ya kifo, ile ile, na mwishoni karani alipaswa kugonga muhuri wa neno BATILI juu ya neno amefariki. Maswali yote lazima yajibiwe, la sivyo msajili hapokei.

Foleni ilizunguka jengo. Watu wamevaa kadi nyekundu shingoni, wanapiga soga, wanalaumu, wengine wanacheka. Karani hakuinua uso. Jina, namba ya kadi, kazi, mahali ulipofia. Getini, getini, getini. Siku ya pili, karibu na adhuhuri, alimwona mkewe katikati ya foleni, kavaa lile gauni alilolivaa Jumamosi ile.

Akasimama, akatoa kichwa dirishani. "Mama! Njoo mbele."

Watu wakageuka. Mkewe akatikisa kichwa. "Wenzangu wametangulia. Nitangoja."

Akangoja. Saa nzima karani alimwona akisogea hatua kwa hatua, na kila hatua akazidi kukosea herufi kwenye taipureta, yeye ambaye hajakosea miaka, akaanza fomu upya mara nne. Alikuwa akipanga maneno. Atamwambia kila kitu hapo hapo, mbele za watu, liwalo na liwe: kwamba alimtoa mwenyewe, kwamba hakuna aliyemlazimisha, kwamba alimtoa kwa sababu ya kiti. Atapiga magoti hata kama dirisha litamficha.

Mkewe akafika.

"Jina," alisema karani, maana mdomo wake ulikuwa umezoea kuanza hivyo.

Akataja jina lake kamili, polepole, kama kwa mtu asiyemjua.

"Namba ya kadi."

"Kumi na saba."

"Kazi."

"Mpiga pasi. Hospitali."

"Mahali…"

"Ulipofia," mkewe alimsaidia. "Getini. Saa nne na nusu hivi, ulipoulizwa kama orodha iko sawa."

Mtu wa nyuma yake alianza kucheka, kisha akaacha. Karani alizitazama funguo za taipureta. Yale maneno aliyoyapanga saa nzima hayakuwepo hata moja. Kilichokuwepo ni swali la tano, limeandikwa kwenye fomu, na bila jibu lake msajili angeirudisha karatasi na mwanamke huyu angebaki amekufa.

"Jamaa wa karibu aliyesalia," alisoma. Akainua uso. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama machoni tangu asubuhi ya lile zoezi. "Mama. Hapa niandike…"

"Andika hakuna."

"Mama, tafadhali."

"Wewe huwa hukosei," mkewe alisema, bila hasira. "Andika. Watu wamesimama juani."

Foleni nyuma ilikuwa inasukumana, mtu mmoja akapaza sauti kuuliza kuna nini huko mbele, saa ya kula imekaribia. Karani akapiga chapa herufi sita. Akagonga muhuri. Akatoa mkono nje ya dirisha, na mkewe akavua kadi nyekundu shingoni akaiweka kwenye kiganja chake, akachukua nakala yake, akaikunja kwa ustadi, pembe kwa pembe, akaenda zake kazini.

Karani alifunua karatasi za kaboni kuangalia kama chapa imeshika hadi nakala ya tano. Zote zilikuwa zinasomeka vizuri.

"Anayefuata," alisema.